Mbio za Pekupeku: Maelezo Mafupi ya Kihistoria

Alfajiri, kabla malori hayajaanza kujipanga mbele ya Bandari ya Bujumbura, huwapo watu wakimbiao kandokando ya ziwa. Wengi wamevaa raba nene, wachache kandambili, na mmoja mmoja hukimbia pekupeku. Mwandishi wa makala haya ni miongoni mwa hao wa mwisho, wala si kwa ushujaa. Niliumia goti, nikapona; nikaumia muundi, nikapona; nikaumia goti lile lile tena. Ndipo nilipovua viatu, na baada ya kuvivua nikataka kujua historia ya jambo lenyewe.

Ufuko huu umezijua nyayo tupu tangu zamani. Kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914, shehena za kutoka Bagamoyo hadi Ujiji zilichukuliwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kwa safari ya miezi. Kwa njia hizo hizo Kiswahili kilifika Rumonge na Usumbura, mji ambao tangu mwaka 1962 tunauita Bujumbura. Lakini njia hizo hazikuleta lugha na bidhaa tu. Mwaka 1872 funza walifika pwani ya Angola kwa meli itokayo Brazili. Na kabla ya karne ile kwisha walikuwa wamekwisha kulivuka bara zima hadi upande wetu wa mashariki, wakisafiri ndani ya vidole vya watu wasio na viatu. Watu walilemaa, na wengine wakapoteza vidole. Kwa hiyo atakaye kuzisifu nyayo za wazee wetu na awakumbuke funza pia. Mpagazi hakuvichagua vidonda vyake. Kwa Kirundi kiatu ni *ikirato*, neno ambalo sikio la mwalimu husikia mara moja undugu wake na la kwetu. Yaelekea basi kwamba haja ya kuufunika wayo ni ya kale kuliko duka lolote la viatu.

Ama sifa za mbio za pekupeku duniani zilianza hasa tarehe 10 Septemba 1960, mjini Roma. Abebe Bikila wa Ethiopia, askari wa ulinzi wa mfalme, aliona viatu vipya havimkai vema, na kwa kuwa alikuwa amezoea kufanya mazoezi bila viatu, alishindana hivyo hivyo katika marathoni. Alimaliza kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, akawa wa kwanza. Habari hii husimuliwa kila mahali. Isiyosimuliwa sana ni kwamba mwaka 1964, huko Tokyo, Bikila alishinda tena kwa muda mfupi zaidi, naye safari hii alikuwa amevaa viatu. Vivyo hivyo Venuste Niyongabo, aliyeipatia Burundi dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki huko Atlanta mwaka 1996 katika mita 5,000, hakukimbia pekupeku.

Wataalamu nao waliingia. Mwaka 2010 Daniel Lieberman na wenzake walieleza kwamba wakimbiaji waliozoea kwenda bila viatu, wakiwamo vijana wa Bonde la Ufa nchini Kenya, aghalabu hutua kwa sehemu ya mbele ya wayo, hali wavaao raba hutua kwa kisigino na kupata kishindo kikubwa zaidi. Wengi walioumia mara kwa mara walifurahi mno, wakavitupa viatu vyao. Furaha hiyo ilikuwa na haraka. Mwaka 2013 ilionekana kwamba Wadaasanach wa kaskazini ya Kenya, ambao maisha yao yote huenda pekupeku, wengi wao hutua kwa kisigino wakikimbia polepole. Mwaka huo huo uchunguzi mwingine ulionyesha kwamba baadhi ya waliohamia viatu vyembamba kwa muda wa majuma 10 tu walipata uvimbe ndani ya mifupa ya miguu.

Nami nililijua hilo kwa mwili wangu. Juma la kwanza nilikimbia nusu saa nzima, kwa kiburi. Siku ya tatu nilishuka ngazi kinyumenyume kwa maumivu ya shavu la mguu. Nikaanza upya: dakika 5 mchangani, siku ya pili kupumzika, kisha dakika 5 tena, hatua fupifupi, macho chini kwa sababu ya vipande vya chupa. Miezi mingi ilipita kabla sijaifikia nusu saa. Goti limetulia, ila siwezi kuapa kama ni kwa ajili ya wayo mtupu au ni kwa ajili ya kwenda polepole.

Asubuhi moja karibu na lango la bandari mchukuzi mmoja, gunia begani, alinitazama miguu akanihurumia: “Mwalimu, wamekuibia viatu?” Yeye alikuwa amevaa kandambili zilizoshonwa kwa waya. Nilimwambia kwamba vyangu viko nyumbani. Alisimama, gunia lingali begani, akaniuliza ni vya namba ngapi.