KIPINDI CHA DINI KIPO, USTADHI YUKO WAPI?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Wiki iliyopita, baada ya Isha, mama mmoja wa Mbagala alinisubiri nje ya msikiti. Mwanawe yuko darasa la tatu, shule ya serikali. Ikifika siku ya kipindi cha dini, watoto wa Kikristo wana mwalimu wao, wa Kiislamu hawana. Mtoto hubaki humo humo darasani, na sasa nyumbani anaimba nyimbo za kanisani huku akiosha vyombo. Mama akaniuliza: "Sheikh, nimtoe shule?"

Kabla hujamjibu wewe, tupitie historia kidogo, kwani swali hili si jipya.

1. HOFU YA BABU ZETU

Mwaka 1892 Wajerumani walifungua shule ya serikali Tanga. Haikuwa shule ya kanisa, na watoto wa Kiislamu wa pwani waliingia wakasoma. Shule za namna hiyo zilitoa makarani, walimu na maakida. Wamisionari walilalamika kwamba serikali inaupa Uislamu nguvu. Zingatia hapo: mlango usipokuwa na sharti la dini, Waislamu hawakuukimbia.

Wakaja Waingereza. Sheria ya elimu ya 1927 iliweka utaratibu wa kuzipa ruzuku shule za misheni. Vyuo vyetu vya Qur'ani havikuwemo. Sehemu nyingi shule iliyokuwepo ilikuwa ya misheni tu. Mzazi akabaki na njia mbili: ampeleke mtoto na kuogopa atarudi na jina jingine, au amzuie. Wengi waliwazuia. Dini ya mtoto ilisalimika, lakini kalamu ikashikwa na wengine. Deni lile tunalilipa hadi leo.

2. WALIOJIBU KWA KUJENGA

Si wote waliokaa na hofu. Mwaka 1933, hapa Dar es Salaam, wazee wetu akiwemo Kleist Sykes waliasisi Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika. Wakajenga shule, mtoto akasoma Qur'ani na hesabu chini ya paa moja. Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa magazeti ya Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akiwahimiza Waislamu waifuate elimu ya kisasa bila kuiacha dini yao. Mwaka 1945 ikaundwa East African Muslim Welfare Society, nayo ikajenga shule na misikiti Afrika Mashariki.

Mwaka 1968 jumuiya hiyo ilipigwa marufuku Tanzania. Muda mfupi baadaye serikali ikazitwaa shule za mashirika ya dini. Tangu hapo watoto wa dini zote wanakaa dawati moja.

Miaka ya 1970 vijana wa Warsha ya Waandishi wa Kiislamu walikaa wakaandika vitabu vya kufundishia dini yetu mashuleni. Leo Elimu ya Dini ya Kiislamu ni somo la mtihani wa kidato cha nne. Kuna watu waliacha usingizi wao ili tufike hapa.

3. HAKI TUNAYO

Ibara ya 19 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa imani. Mtoto wako halazimishwi kukaa kwenye somo la dini nyingine. Nenda kwa mwalimu mkuu na wazazi wenzako, kwa heshima, mwombe watoto wenu wapewe sehemu yao. Usiende na ghadhabu. Yule mwalimu wa Kikristo hakumwiba mwanao. Alikuja kufundisha watoto wa wenzake, wa kwako akamkuta hana pa kwenda.

4. MTUME ﷺ ALIFANYAJE?

Kabla ya Hijra, Mtume ﷺ alimtuma Mus'ab bin Umayr (r.a.) Yathrib akawasomeshe watu Qur'ani. Mwalimu alitangulia. Kisha baada ya Badr, mwaka wa 2 Hijria, imepokewa kwamba mateka wasiokuwa na mali walijikomboa kwa kuwafundisha watoto wa Madina kuandika. Walimu wale walikuwa washirikina! Lakini watoto wa Madina walikwishapata wa kuwafundisha dini yao, ndiyo maana kalamu ya mshirikina haikuwatisha.

5. JIBU LANGU

Nilimwambia mama: usimtoe shule. Tumekwishalipia kosa hilo mara moja.

Kesho yake, baada ya swala, imamu wetu aliuliza nani atakwenda kufundisha pale shuleni, dakika arobaini tu kwa wiki. Safu ya kwanza yote ikatazama chini. Nami nilikuwamo. Mimi ninayewaandikia haya, ninayepata muda wa kuandika maneno mia tano kwenye simu, nilitazama chini.

Nimejiandikisha. Nitaanza wiki ijayo, in shaa Allah. Lakini shule za serikali kutoka Mbagala hadi Tandale ni nyingi, na mimi ni mmoja.

Wewe uliyemaliza juzuu amma, uliyesoma madrasa hadi ukapewa cheti, shule iliyo karibu nawe ina ustadhi? Kama huwezi kufundisha, unaweza kumlipia nauli anayeweza?

Allah atujaalie tuwe jibu, tusiwe walalamikaji. Aamin.

Mfikishie na mwenzako. Wallahu a'alam.