Mboni ya jicho na siri ya usingizi wa nusukaputi

Tarehe 16 Oktoba mwaka 1846, mjini Boston, Marekani, William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha na upasuaji ukafanyika bila ya kilio. Shangwe hazikudumu. Januari 1848, karibu na Newcastle, Uingereza, msichana wa miaka 15, Hannah Greener, alifariki dunia baada ya kuvutishwa klorofomu ili aondolewe ukucha wa kidole cha mguu. Dawa ikipungua, mgonjwa huzinduka chini ya kisu. Ikizidi, haamki tena. Mpaka uko wapi?

John Snow wa London alikwishajaribu kulijibu swali hilo mwaka 1847, alipougawa usingizi wa etha katika daraja tano. Lakini aliyeufanya ujuzi huo uwe mali ya kila mtu ni Mmarekani Arthur Guedel. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, huko Ufaransa, majeruhi walikuwa wengi na wataalamu wachache mno. Guedel akawafundisha wauguzi na wasaidizi, akawachorea chati ya dalili, kisha akawa anapanda pikipiki kutoka hospitali moja hadi nyingine kuwakagua. Chati ilitazama pumzi, mwendo wa macho na mboni. Mgonjwa anapoweweseka mboni hutanuka, usingizi wa upasuaji ukianza husinyaa, kisha hutanuka tena kadiri dawa inavyozidi. Mboni pana isiyojali mwanga ilikuwa kengele ya hatari.

Mwaka 1942 mjini Montreal, Kanada, Harold Griffith na Enid Johnson walitumia kurare kulegeza misuli ya mgonjwa. Upasuaji ukawa rahisi, ila nusu ya chati ikapotea: aliyelegezwa hawezi kujitikisa, hata kama anahisi maumivu. Mboni, bahati njema, haikunyamaza, kwani misuli yake si ya aina inayozuiwa na kurare.

Hata hivyo, mboni nayo ina hila zake. Dawa za jamii ya afyuni huifinya. Mwaka 1997, Merlin Larson wa San Francisco na wenzake walionyesha kwamba alfentanili, dawa ya jamii hiyo, huzuia mboni kutanuka kwa maumivu, lakini haipunguzi namna inavyosinyaa ikimulikwa. Kumbe jicho lilikuwa likijibu maswali mawili tofauti, na kwa miaka mingi madaktari waliyasoma kama moja.