Behewa lisilo na kuta

Katika nyumba za mawe za pwani, behewa lilikuwa ukumbi wa ndani. Neno lenyewe asili yake ni Kiarabu. Reli ilipokuja, likapanda garimoshi, na leo ukilitaja Bungoma hakuna atakayefikiria ukumbi.

Kwa abiria halina tatizo: kuna kuta, milango, madirisha. Kwa shehena ndipo linapoanza kuyumba. Treni zinazopita Bungoma kuelekea Malaba hubeba makontena juu ya magari bapa yasiyo na ukuta hata mmoja, na bado tunayaita mabehewa. Mimi sioni kosa. Tangi la mafuta nalo ni behewa, japo hakuna anayetamani kuketi humo.

Nadhani kazi ndiyo iliyolipanua neno. Chukua tawi la reli la Kitale, lililofunguliwa 1926, ambalo huachana na njia kuu pale Leseru. Mzigo wa Kitale ukiwa katikati ya msururu, sharti treni ikatwe: mpira wa breki unafunguliwa, behewa linatengwa, kisha kichwa cha treni kinarudi kinyumenyume kuuchukua mkia uliobaki. Kitale kwenyewe, reli inakoishia, kichwa hakina budi kuyazunguka mabehewa kwa njia ya pembeni ndipo kiyavute kurudi. Anayepanga treni anauliza moja tu: lipi litangulie, lipi lifuate? Liwe la mahindi au la mbolea, lenye paa au lisilo nalo, kwake kila kinachoungwa nyuma ya kichwa ni behewa.