Kuendesha Photoshop kwenye Linux

Kuendesha Photoshop kwenye Linux ni kazi ya kuifanya Adobe Photoshop, programu ya kuhariri picha iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows na macOS, ifanye kazi kwenye kompyuta yenye mfumo wa uendeshaji wa Linux, ambao kampuni ya Adobe haijautengenezea toleo lake. Njia inayotumika zaidi ni programu huria iitwayo Wine. Njia nyingine ni kuweka Windows nzima ndani ya Linux kwa kutumia kompyuta pepe. Wako pia wanaoiacha Photoshop kabisa na kuchukua programu ya Linux yenyewe, kama vile GIMP.

Jambo hili linawagusa hasa wenye kompyuta za zamani. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 7 tarehe 14 Januari 2020 na wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za mitumba hazikidhi masharti ya Windows 11. Kompyuta hizo bado huweza kuendeshwa kwa Linux, kwa mfano Ubuntu (jina ambalo kwa Kizulu na Kixhosa lina maana ya "utu", na msomaji wa Kiswahili anauona undugu wa maneno hayo mara moja). Lakini mpiga picha za pasipoti na harusi anapohamia huko hukuta kwamba programu aliyojifunzia kazi haimo.

Sababu za ugumu

Programu haifanyi kila kitu yenyewe. Inapotaka kufungua faili, kuchora dirisha kwenye skrini au kupata nafasi kwenye kumbukumbu, huuomba mfumo wa uendeshaji. Photoshop ya Windows huomba kwa utaratibu wa Windows: hutaja diski kwa herufi kama C:, hutafuta maktaba za Windows, na husoma mipangilio kutoka daftari kuu la Windows liitwalo rejista. Linux haina herufi za diski wala rejista hiyo. Hata muundo wa faili yenyewe ya programu, ile inayoishia na .exe, ni mgeni kwake.

Kwa hiyo kosa si la kompyuta. Prosesa ni ileile, na amri za hesabu zilizo ndani ya Photoshop inazielewa vizuri. Kinachokosekana ni mkalimani.

Wine na historia yake

Wine ndiye mkalimani huyo. Ilianzishwa mwaka 1993 na Bob Amstadt na Eric Youngdale ili programu za Windows 3.1 ziendeshwe kwenye Linux, na tangu mwaka 1994 kazi hiyo inaongozwa na Alexandre Julliard. Jina lake ni kifupi cha sentensi ya Kiingereza inayosema kwamba Wine si kiigaji. Maana yake ni kwamba haiigi mashine nzima. Inapokea maombi ya Windows na kuyatimiza kwa njia za Linux. Ndiyo maana programu ndani ya Wine inaweza kwenda kwa kasi inayokaribia ile ya Windows. Na ndiyo maana pia Wine peke yake haitoshi kwenye kompyuta yenye prosesa ya aina nyingine, kama Raspberry Pi, kwa sababu haitafsiri amri za prosesa.

Photoshop ina nafasi ya pekee katika historia hii. Programu hiyo, iliyobuniwa na ndugu wawili, Thomas na John Knoll, ilitoka Februari 1990 kwa Macintosh tu. Watumiaji wa Windows nao walisubiri hadi toleo la 2.5. Katika miaka ya 1990 Adobe ilitoa hata matoleo ya IRIX na Solaris, mifumo ya ukoo wa Unix ulio karibu sana na Linux, kisha ikayaacha. Studio za filamu za katuni zilipohamia Linux zilijikuta bila programu hiyo. Mwaka 2003 Disney, pamoja na studio nyingine mbili, iligharimia kazi ya kampuni ya CodeWeavers ya Marekani ili Photoshop ifanye kazi kupitia Wine. Mwaka 2008 Google nayo ilitangaza kwamba imeilipa kampuni hiyohiyo kuboresha Wine kwa ajili ya Photoshop CS2. Tarehe 17 Juni mwaka huo Wine 1.0 ilitoka, baada ya miaka 15 ya kazi, na CS2 ilikuwa miongoni mwa programu chache zilizowekwa kama kipimo: zisipofanya kazi, toleo halitolewi.

Namna ya kufanya

Kwenye Ubuntu na ndugu zake, Wine na msaidizi wake Winetricks huwekwa kwa amri moja:

sudo apt install wine winetricks

Inafaa kutenga folda maalumu kwa ajili ya Photoshop, ili majaribio yakiharibika folda hiyo ifutwe na kuanza upya bila kugusa kitu kingine. Ndani ya folda hiyo Wine hujenga diski ya C: ya bandia na rejista yake. Hapa folda imeitwa "picha":

WINEPREFIX=$HOME/picha winecfg

Amri hii hufungua dirisha ambamo mtumiaji huchagua Wine ijitambulishe kama toleo gani la Windows. Halafu Winetricks hupakua vitu ambavyo Photoshop hutazamia kuvikuta. Kwa matoleo ya zamani vinavyotajwa mara nyingi ni corefonts (fonti za kawaida za Windows), atmlib, gdiplus na msxml6:

WINEPREFIX=$HOME/picha winetricks corefonts atmlib gdiplus msxml6

Mwisho faili ya usakinishaji huendeshwa kutoka kwenye folda iliyomo:

WINEPREFIX=$HOME/picha wine Setup.exe

Neno sudo lisitumike kabisa pamoja na amri ya wine. Wine kwa kawaida huionyesha diski nzima ya Linux kama diski ya Z:, kwa hiyo kirusi cha Windows kikiingia kupitia faili iliyochukuliwa mahali pasipoaminika kinaweza kufikia kila faili ambayo mtumiaji anaruhusiwa kuigusa, zikiwemo picha za wateja. Wanaodhani kwamba kuwa kwenye Linux ni kinga dhidi ya virusi vya Windows wanasahau kwamba Wine imetengenezwa ili programu za Windows zifanye kazi, na kirusi nacho ni programu. Picha zihifadhiwe nakala nje ya kompyuta kwanza.

Yanayofanya kazi na yanayokwama

Tovuti ya Wine ina hifadhidata ambamo watumiaji huzipanga programu kwa daraja: platinamu, dhahabu, fedha, shaba, na ya mwisho huitwa takataka. Kila toleo la Photoshop lina daraja lake, na daraja hubadilika Wine inapobadilika. Mtu asome maelezo ya toleo lake hasa, si ya Photoshop kwa jumla.

Kwa kawaida matoleo ya zamani, kama CS2, husumbua kidogo kuliko mapya. Mwaka 2013 Adobe ilitangaza kwamba matoleo mapya yatapatikana kwa malipo ya vipindi kupitia Creative Cloud. CS6 ya mwaka 2012 ikawa ya mwisho kuuzwa kwa leseni ya kudumu. Tangu hapo kikwazo kikubwa mara nyingi si Photoshop yenyewe bali kisakinishi na ukurasa wa kuingia kwenye akaunti, ambavyo hutegemea sehemu za kivinjari cha Windows. Kazi zinazotumia kadi ya michoro nazo huweza kushindwa, na kalamu za kuchorea wakati mwingine hupoteza hisia ya mkandamizo.

Suala la leseni

Kutumia Wine si kosa kisheria, na Wine yenyewe ni ya bure. Photoshop si ya bure, na kuiendesha kwenye Linux hakubadilishi hilo. Mkanganyiko uliopo hadi leo ulianza Januari 2013, baada ya Adobe kuzima seva za kuthibitisha leseni za CS2 na kuweka kwenye tovuti yake nakala isiyohitaji uthibitisho pamoja na namba zake. Habari zikaenea kwamba CS2 imetolewa bure. Adobe ilieleza kwamba nakala hiyo ni kwa waliokwisha kuinunua tu.

Njia nyingine

Kompyuta pepe, kwa mfano VirtualBox, huendesha Windows kamili ndani ya dirisha. Matatizo ya tafsiri huisha, lakini huhitajika leseni ya Windows na kumbukumbu ya kutosha mifumo miwili kwa pamoja. Kwenye kompyuta ya GB 4 njia hii haifai kwa Photoshop ya sasa.

GIMP ilianzishwa mwaka 1995 na Spencer Kimball na Peter Mattis, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Hufungua faili nyingi za PSD, ingawa baadhi ya tabaka hazifiki kama zilivyokuwa. Kwa muda mrefu mabadiliko mengi yaliyofanywa kwenye picha hayakuweza kurekebishwa baadaye; toleo la 3.0 la Machi 2025 limeleta vichujio vinavyoweza kuhaririwa hata baada ya kutumiwa. Kwa picha za pasipoti, kusafisha picha kuukuu na kazi za shule inatosha kabisa. Anayetengeneza mabango ya kupelekwa kiwandani kuchapwa aulize kwanza mchapaji wake anataka faili ya aina gani, kwa kuwa GIMP hufanya kazi katika rangi za skrini na si moja kwa moja katika rangi nne za wino. Wachoraji wengi hupendelea Krita, na wenye picha ghafi za kamera hutumia darktable au RawTherapee.

Photopea, iliyotengenezwa na Ivan Kutskir, hufanya kazi ndani ya kivinjari na kufungua PSD bila kusakinisha chochote. Mwonekano wake unafanana sana na Photoshop, kwa hiyo aliyezoea vitufe vya huko hatapotea.