Kusita kuchanja Unguja

Kusita kuchanja ni hali ya kuchelewa kupata chanjo iliyopo, au kuikataa. Unguja, mfano wenye mafunzo zaidi ulitangulia korona: kampeni ya chanjo ya kunywa ya kipindupindu ya mwaka 2009, iliyofanyika Chumbuni, pembezoni mwa mji wa Zanzibar, na Mwambe, Pemba. Kabla yake, karibu watu wote waliohojiwa walisema wangeichukua. Takriban nusu tu ya walengwa walikunywa dozi zote mbili. Waliobaki hawakuwa wapinzani wa tiba. Kukosa nafasi na kuhofia madhara vilitosha kumzuia mtu, jambo linalosahaulika kila wasiochanja wanapoitwa wajinga.

Korona ilileta sababu nyingine, nzito zaidi: kauli za viongozi. Takwimu za ugonjwa zilikoma kutangazwa mapema Mei 2020, na Januari 2021 Rais John Magufuli alisema hadharani kuwa chanjo hazifai. Tarehe 17 Februari alifariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake, ACT-Wazalendo, kilikuwa kimetangaza kwamba ameambukizwa. Rais aliyemfuata Magufuli, Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, alichanjwa hadharani tarehe 28 Julai 2021. Lakini mwananchi aliyeambiwa mambo mawili yanayopingana ndani ya miezi sita, na dola ileile, alikuwa na haki ya kuuliza. Kwa waliokusudia Hija ya 2022, sharti la Saudia la kuchanjwa lilimaliza mjadala.