Harlan Howard: Kalamu Nyuma ya Sauti Laini za Nashville

Wapenzi wa Jim Reeves hapa Afrika Mashariki wanaikumbuka sauti yake nyororo. Mwaka 1961 aliimba "The Blizzard", kisa cha mtu anayekufa kwa baridi akiwa karibu kabisa kufika, kwa kuwa hakukubali kumwacha farasi wake. Sauti ilikuwa ya Reeves, lakini maneno yalitungwa na Harlan Howard, na ni njia ya mtungaji huyo tunayoifuata hapa.

Howard alizaliwa Detroit, Michigan, mwaka 1927. Darasani hakufika mbali, lakini alipenda sana kusoma. Usiku alisikiliza Grand Ole Opry, kipindi cha redio cha muziki wa kantri. Alipoupenda wimbo fulani wa mwimbaji Ernest Tubb, aliandika beti alizozishika, na zilizomponyoka akazijaza kwa maneno yake mwenyewe. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake ya utunzi.

Katika miaka ya 1950 alikuwa Los Angeles, mchana kibarua kiwandani, usiku mtungaji. Mwaka 1958 Charlie Walker aliupandisha chati wimbo wake "Pick Me Up on Your Way Down". Mwaka uliofuata "Heartaches by the Number" ulivuma kwa Ray Price upande wa kantri, na kwa Guy Mitchell upande wa pop. Fedha zilipoingia, Howard akahamia Nashville mwaka 1960.

Aliukuta mji ukijenga upya biashara yake. Elvis Presley na wenzake wa rokenroli walikuwa wamewachukua vijana, na santuri za kantri zilikuwa zimedorora. Watayarishaji Chet Atkins wa kampuni ya santuri ya RCA na Owen Bradley wa Decca walitafuta dawa: walipunguza fidla za kijijini na gitaa la stili, wakaongeza piano, vinanda vya nyuzi na waitikiaji wenye sauti laini. Husimuliwa kwamba Atkins, alipoulizwa sauti hiyo ya Nashville ni nini hasa, alichezesha sarafu mfukoni na kusema kuwa hiyo ndiyo sauti yenyewe.

Howard alistawi katika soko hilo. Yeye na Hank Cochran walitunga "I Fall to Pieces". Waimbaji wengine waliukataa. Patsy Cline mwenyewe alisita, na hakufurahia kuwekewa waitikiaji wa The Jordanaires. Bradley, mtayarishaji wake, alishikilia msimamo, na mwaka 1961 wimbo ukashika namba moja kwenye chati ya kantri. Mwaka huo pekee, nyimbo 15 za Howard ziliingia kwenye chati hiyo.

Je, ung'arishaji huo uliua ukweli wa kantri? Malalamiko hayo yapo hadi leo, na yana msingi, kwani ladha ya shamba na ya baa za wafanyakazi ilififishwa ili mnunuzi wa mjini asishtuke. Lakini nyimbo za Howard zinatoa jibu pana zaidi. "Busted", kilio cha mkulima aliyefilisika, kiliimbwa na Johnny Cash kikavu kikavu. Mwaka 1963 Ray Charles akakivika tarumbeta za bendi kubwa, na umaskini wa mkulima yule haukufichika. Kule California, Buck Owens, aliyekataa ulaini wa Nashville, alishirikiana na Howard kutunga "I've Got a Tiger by the Tail", wazo likitoka kwenye tangazo la petroli la Esso. Mtungaji ni yule yule, mavazi ni mbalimbali.

Howard alisema kantri ni kodi (chords) tatu za gitaa na ukweli. Alikaa baa akisikiliza watu wanavyoachana na wanavyodaiwa, akayaandika mambo hayo kwa lugha yao. Ndiyo maana mitindo ilipobadilika yeye alibaki: The Judds waliimba "Why Not Me" mwaka 1984, na Patty Loveless akafika namba moja mwaka 1993 na "Blame It on Your Heart".

Alifariki Nashville tarehe 3 Machi 2002, akiwa ametunga nyimbo zaidi ya 4,000. Ung'arishaji uliziuza nyimbo zake. Ukweli wa maneno ndio uliozidumisha. Basi msomaji, wimbo ukikugusa, litafute pia jina la aliyeutunga. Ni haki yake.