Ganzi ya mikono kwa wanaotumia kompyuta
Maumivu haya huletwa na kurudia mwendo ule ule kwa saa nyingi: kuchapa na kubofya kipanya huku kifundo cha mkono kimepinda. Kano zikifura, hubana mshipa wa fahamu upitao kifundoni. Kidole gumba na viwili vinavyofuata hufa ganzi, hasa usiku.

Kinga ni kupumzisha mikono mara kwa mara, kunyoosha kifundo na kuweka kipanya karibu. Njia nyengine ni kuandika kwa kusema: tangu 2017, huduma ya Google ya kuandika kwa sauti hupokea Kiswahili. Wewe wasema, simu yaandika.

Ganzi isipoondoka, muone daktari mapema. Mshipa ukibanwa muda mrefu, misuli ya kidole gumba hudhoofika, na hata kufunga kifungo cha shati huwa kazi.